Vua Viatu Kwanza

Ninyi wadogo zangu wa kazi mnasema, wengine mbele yangu na wengine kwa kisogo, kwamba Mama Masika ameacha kung'arisha alumini kwa sababu ya woga. Eti yule kijana wa viatu vikubwa ndiye aliyenizima. Waongo wakubwa! Nimeacha kwa sababu vidole vyangu vya mkono wa kuume havikunjiki tena asubuhi, na kifua kimeanza kurudisha vumbi nililokula tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mtu aliyestaafu kwa vidole amestaafu kwa heshima. Basi kwa kuwa sasa nina nafasi ya kukaa, nimekaa, ninaandika yote yalivyokuwa, ili mwenye kusema aseme akiwa anajua.

Nilianza na sufuria. Niliolewa kutoka Butembo nikaletwa hapa Goma, mtaa wa Katoyi, kwenye parseli, kiwanja cha mawe meusi ya volkano yenye ncha, ambapo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Kwetu mama alinifundisha kwamba mgeni hutazama mgongo wa sufuria kabla ya kutazama uso wa mke. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikaa nje na majivu yaliyochujwa kwa kitambaa, nikasugua hadi bega likaomba msamaha, nikazipanga ukutani zikauke. Jirani yangu alikuwa Muzee Hangi, Muhunde wa Masisi, aliyechunga ng'ombe ujanani na sasa alikuwa anang'arisha vipuri vya pikipiki nyumbani kwake kwa ajili ya magaraji. Siku moja akapita, akasimama kwenye uzio, akaona ndevu zake ndani ya sufuria yangu.

"Wee mama, hii njo umesugua na nini?"

"Na majivu, muzee. Na hasira kidogo."

Akacheka hadi akakohoa. "Kuya kesho kwangu. Majivu niko nayo. Hasira njo imeniishia."

Mtaa ukanong'ona. Mwanamke na moteri? Mwanamke na karteri za pikipiki, ile mifuniko ya alumini ya ubavuni mwa injini? Niliwauliza kwa sauti, nikiwa nimesimama na ndoo kichwani: alumini gani ya mji huu haijasuguliwa na mwanamke? Mnakula kwenye nini? Nikaenda zangu na ndoo yangu. Baba watoto, ambaye biashara ilimweka barabarani zaidi kuliko nyumbani, alisema yeye hana neno mradi chakula kinapikwa. Chakula kilipikwa, mara nyingine na yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza nilivaa vizuri, kitenge cha misa na sandali mpya, ili kumheshimu muzee. Nilipotia mguu mlangoni akapiga kelele.

"Toka! Toka inje na volkano yako!"

Nikageuka nyuma nikidhani kuna mbuzi ameingia. Akaonyesha miguu yangu. "Toa viatu. Chini ya ile soli kuko Nyiragongo muzima."

Sikuelewa, kwa hiyo akanielewesha kwa ukali wake. Alichukua sandali yangu, akabandua kutoka kwenye soli punje moja nyeusi ya mawe yetu, ndogo kuliko chawa, akaiweka kwenye kitambaa na kukipitisha mara moja juu ya karteri aliyokuwa ameimaliza. Ikachorwa mstari mrefu kama ukucha wa paka. Kazi ya asubuhi nzima ikarudi kwenye msasa mkali. Aliiharibu karteri ile makusudi ili nisisahau, na sikusahau. Ndani kwake sakafu ilikuwa sementi laini iliyopanguswa kila asubuhi, na maji yalikuwa yanatoka ziwani kwa bido, madumu ya plastiki, mgongoni mwa watu. Huwezi kuosha sakafu kila anapoingia mtu. Kwa hiyo viatu vilibaki mlangoni, vya mwenye garaji, vya padri, vya askari, vya mchumba wa binti yake. Labda wang'arishaji wa miji mingine wanafanya kazi na buti. Ardhi yao haikumwagwa na mlima.

Kifaa kikubwa kilikuwa moteri ya umeme iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kusaga mahindi, imefungwa kwenye meza ya mti mgumu. Juu yake tulifunga magurudumu ya kitambaa, vipande vya kitenge vilivyokatwa mviringo na kushonwa pamoja, vingi, hadi vikawa vinene kama chapati zilizopangwa. Vya Muzee Hangi vilikatika ovyo, maana alishona kama mtu anayefunga ndama. Nikachukua kazi hiyo mimi. Kumbukeni: kitenge kikuukuu tu. Kipya kina wanga, kinapata moto na kunuka, na kinaacha ukungu kwenye alumini. Na umeme ukikatika, na utakatika, kuna kanda za kitenge za kuvuta kwa mikono miwili, kushoto kulia, kama mtu anayekausha mgongo kwa taulo. Mwenye kuzidharau kanda atalala njaa siku moja.

Mengine mnayajua, lakini ninyi mnayaruka, kwa hiyo nitayarudia. Msasa unaanza mkali na kuishia laini, kwa maji na sabuni, na kila ukibadilisha msasa unabadilisha upande wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya zamani imekufa kweli au imejificha. Baada ya hapo inakuja dawa ya nta kwenye gurudumu, na alumini inaanza kulia machozi meusi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoogopa wakadhani wameiharibu. Hamjaiharibu. Chukueni unga wa muhogo mkavu, pakeni, sugueni kwa kitambaa safi. Unga unakunywa ule weusi wote, na uso unatokea. Watoto wangu walikuwa wanaambia shule nzima kwamba mama yao anazilisha pikipiki bugali. Na chuma cha kawaida kisiguse kamwe gurudumu la alumini. Vumbi la alumini na cheche ya chuma ni ndugu wawili wasiofaa kukaa chumba kimoja. Muzee Hangi hakuwa na unyusi wa upande wa kushoto, na hakunipa somo lingine juu ya jambo hilo.

Karteri ikikamilika hakuitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu yake polepole, kama alivyokuwa anapapasa ubavu wa ng'ombe mjamzito huko Masisi. "Jicho linadanganya," alisema. "Mukono haudanganye." Akiridhika alisema, "Haiko mubaya." Sikuwahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo kinywani mwake, na siku ya kwanza aliponiambia mimi nilikwenda nyumbani nikiimba njia nzima.

Alipofariki kwa uzee wake, wanawe walikuwa wameshika kazi nyingine, wakaniachia moteri. Nikaihamishia kwangu, nikamwaga sementi kwenye chumba cha mbele, nikapigilia ubao wa viatu mlangoni. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria, walikuja kwanza kwa kejeli, halafu kwa haraka, maana mteja wa pikipiki hapa Goma anapanda ile inayong'aa. Anasema moyoni kwamba mtu anayetunza ubavu wa injini atakuwa ametunza na breki. Si kweli sikuzote, lakini ni imani nzuri na imetulisha.

Sasa nifike kwa Kasereka. Huyu ni kijana wa kwetu Butembo, mmotari, baba wa watoto wadogo, mwenye maneno mengi na moyo safi. Alianguka kwenye barabara ya Kibati, jiwe likapasua karteri yake ya kushoto. Karteri mpya haikupatikana. Fundi wa kuchomea akaiunganisha, lakini alumini iliyoyeyushwa vibaya inashika hewa ndani, na kila nilipolisawazisha lile kovu vilifunguka vitundu vidogo vidogo, vimekusanyika kama ufuta uliomwagika. Nilisugua, nikasugua tena, vikatoka vingine chini yake. Nilitukana. Niliiweka chini, nikaenda kupika sombe, nikarudi nikaitukana upya.

Mwishowe nilimwambia, "Mwana, hivi vitundu haviondoke. Nikiendelea nitaitoboa, oili imwagike."

Akafumba macho na kupitisha kiganja kama nilivyomfundisha. "Uache, mama. Njo alama yangu. Hata ikipotea kwenye giza nitaijua."

Ikaja kupotea mchana kweupe. Watu walimsimamisha njiani, wakampiga, wakamvunja mguu chini ya goti, wakaondoka na pikipiki yake. Kasereka alilala nyumbani akiwa amefungwa vijiti mguuni, akitazama bati. Mkewe alianza kuuza nguo zake za harusi, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikipita pale kumpelekea chakula, na yule mtu wa maneno mengi hakuwa na neno hata moja. Iliniuma sana. Kwa mmotari pikipiki si chombo tu, ndiyo shamba lake lote.

Siku nyingi baadaye, mchana, akaja kijana juu ya pikipiki ya buluu, rangi bado inanuka. Jina lake ninalijua ila silitaji, halistahili wino wangu. Alikuwa wa mtaa mwingine, mtu wa kutembea na jina la bosi mdomoni, kila neno la pili "mukubwa wangu". Miguuni alikuwa na viatu vya ngozi vya soli nene, virefu, vipya.

"Mama, njo wewe unang'arisha?"

"Njo mie. Vua viatu."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Alitaka kucheka. Lakini macho yake yakaenda kwenye rafu, kwenye karteri nilizomaliza asubuhi ile, akajiona ndani yake, mara nne mara tano, na mtu mwenye majivuno hana nguvu mbele ya kioo. Akavua. Akakaa kwenye benchi langu akiwa na soksi nyeupe, nami nikaiingiza pikipiki ndani juu ya magunia, nikaanza kazi.

Nilimwaga oili kwenye beseni, nikafungua karteri. Zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha ya kupuliza. Nisikilizeni vizuri hapa, ninyi mnaopenda hiyo rangi kwa sababu ni ya haraka: mimi nikiona karteri imepakwa rangi najiuliza inaficha nini. Nikazitumbukiza kwenye maji ya soda kali, ile ya kupikia sabuni. Rangi ikainuka kama utando wa maziwa. Chini yake likatokea kovu. Kwenye kovu, vitundu, vimekusanyika kama ufuta. Nikavaa glavu, nikaitoa, nikaiosha, nikavua glavu, nikafumba macho na kupitisha kiganja. Mkono uliniambia jina kabla ya kichwa. Kasereka.

Hasira ilinipanda hadi masikio yakapata moto. Woga nao ulikuwepo, sitaficha. Anayesema hakuogopa hakuwepo. Lakini yule kijana, bila kujua, akanisaidia kuchagua.

"Na hii namba hapa kwa injini," akasema, akiinama kuonyesha kwa kidole, "uipitishe musasa. Ikuwe laini. Inaharibu urembo."

"Kwa hii nyumba namba haiguswe."

"Mama, mie sikuombe. Ninakuambia. Mukubwa wangu..."

"Mukubwa wako akikuja naye atavua viatu."

Halafu nikaita dirishani kwa sauti ya kawaida, kama ninaomba kaa la moto. Langoni kwangu huuza makala, mkaa wa kupikia, Mama Sifa, jirani yangu wa miaka na miaka, mwanamke asiyeuliza maswali wakati wa kazi. "Mama Sifa! Viatu vya mugeni vinashika vumbi. Uniwekee. Na utume mutu kwa Kasereka, umwambie karteri yake imerudi."

Kijana akaruka kutoka kwenye benchi. "Unasema nini wewe?"

"Ninasema pikipiki iko na mwenyewe."

Akashika usukani. Aende nayo wapi? Oili iko kwenye beseni, injini iko wazi ubavuni. Akainama ili achukue karteri ya pili iliyobaki majini. "Tia mukono," nikamwambia. "Ile ni soda. Itakula ngozi kwanza, halafu itakuuliza jina." Mkono ukarudi wenyewe. Akakimbilia mlangoni, na ubao ulikuwa mtupu.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Mama Sifa alikuwa ameketi juu ya gunia lake, ametulia. "Viatu gani? Mie ninauza makala."

Kijana akatazama soksi zake nyeupe, akatazama parseli yangu, mawe matupu yenye ncha kutoka mlangoni hadi barabarani, akabaki amesimama kwenye kizingiti. Wanawake walikuwa wameshaanza kukusanyika, wengine na miko mikononi, maana ilikuwa saa ya kupika. Ndipo nilipoona faida nyingine ya sheria ya Muzee Hangi, ambayo naamini yeye mwenyewe hakuiwaza.

Kasereka alifika juu ya chukudu. Wanaume wa mtaa wake walikuwa wanaisukuma ile baiskeli ya mbao yenye mzigo wa mtu, naye amekaa juu ya ubao, mguu wa vijiti umenyooka mbele, mikono imeng'ang'ania usukani kama anaendesha yeye. Wakambeba hadi mlangoni. Na kumbukeni hili hata mkisahau mengine yote: pamoja na maumivu yale, pamoja na mwizi wake kusimama mbele yake, Kasereka aliinama akavua sandali yake moja kabla ya kuingia. Nilitaka kulia pale pale.

Nikampa karteri. Akafumba macho, akapitisha kiganja. Machozi yakatoka chini ya kope. "Njo yangu," akasema. Neno la kwanza tangu wiki nyingi.

"Nilinunua!" akapiga kelele yule kijana. "Nilinunua kule Bunagana!"

"Basi tusikie," nikasema. Nikamgeuza Kasereka atazame ukuta. Mmotari anajua namba ya injini yake kama anavyojua majina ya watoto wake. Akaanza kuitaja kwa Kifaransa, tarakimu moja moja, mimi nimepiga magoti nasoma kwenye injini, na kila nilipoitikia wanawake mlangoni waliirudia kwa pamoja, kama litania ya Jumapili. Ilipokwisha, hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua pikipiki ni ya nani.

Kijana akatoka. Hatukumgusa. Parseli ilitosha. Alikwenda anaruka jiwe hadi jiwe, anageuka kunitisha, na kitisho kinakatika kila anapokanyaga. "Utaona, mama! Hii nyumba... ayi! Tutaifunga... ayi, mama yangu!" Mama Sifa alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye gunia.

Na kweli walirudi. Pikipiki ilikuwa imeshasukumwa kwa Kasereka; walisubiri niende misa, wakaja wakabeba moteri ya Muzee Hangi na kuvunja rafu. Hiyo ndiyo sehemu mnayoijua, na hapo ndipo mnaposema nilizimwa. Nililia, ndiyo. Nilikaa kwenye sementi nikalilia ile moteri kama mtu aliyefiwa. Ndugu zangu wakanishauri nirudi Butembo. Nikawajibu kwamba mimi nilitoka Butembo kwa sababu ya ndoa, na sitatoka Katoyi kwa sababu ya mtu asiye na viatu. Halafu nikapangusa alama za buti zao kwenye sakafu, nikachukua kanda za kitenge, nikaketi na karteri ya Kasereka mapajani. Niliimaliza kwa mikono. Ule weusi wa dawa niliuondoa wote kwa unga wa muhogo, isipokuwa kidogo nilioupaka kwenye namba ya injini siku ya kuifunga karteri. Pale niliuacha ujae ndani ya kila tarakimu, hadi ikasomeka ukiwa umesimama barabarani.

Tangu hapo hadi vidole viliponigomea, hakuna kilichotoka nyumbani kwangu ambacho hakikuvutwa kwa mkono, kushoto kulia, na wateja hawakupungua. Kasereka anasema karteri zile zilikuwa nzuri kuliko za moteri. Mimi nasema hazikuwa mbaya. Sasa ninyi mna moteri yenu mliyoitafuta wenyewe, chumba ni kile kile, sementi ni ile ile. Fanyeni kazi. Mkitaka kupuliza rangi ya fedha, katafuteni nyumba nyingine.

Kuhusu vile viatu, Mama Sifa aliniletea jioni ile ile, vyeusi kwa makala. Nilivisafisha. Mpaka leo viko kwenye ubao mlangoni, mnavipita kila siku, na kila Jumamosi navipaka mafuta ili ngozi isikauke, maana mali ya mtu ni mali ya mtu. Mwenyewe akivitaka aje mchana, apige hodi, nitampa kwa mkono wangu bila neno baya. Ila kwanza avue alivyovaa.